Kutoka Kiingereza cha daftari hadi Kiingereza cha mdomoni: hatua kwa mtu mzima

Mwongozo huu unamlenga mtu mzima aliyesoma Kiingereza shuleni, anayeweza kusoma gazeti na kuandika barua ya kuomba kazi, lakini ambaye akipigiwa simu na mgeni huishia kuitikia "yes, yes" mpaka mazungumzo yaishe. Nchini Tanzania watu wa namna hii ni wengi, kwa kuwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, akalazimika kukariri notisi ili afaulu mtihani. Ninafundisha watu wazima jijini Arusha, wengi wao waongoza watalii na wahudumu wa hoteli, na ninaloliona ni kwamba kinachowakwamisha si uhaba wa maneno hasa, bali ni mazoea ya kutunga sentensi nzima kwa Kiswahili kichwani, kuigeuza neno kwa neno, kuikagua kwa hofu, na ndipo kuitamka, wakati aliyeuliza ameshahamia jambo jingine.

Hatua ya kwanza: jirekodi. Chagua jambo la kazini kwako, washa kinasa sauti cha simu, uzungumze kwa dakika mbili bila karatasi. Kisha sikiliza na uandike, kwa Kiswahili, kila ulichotaka kusema ukashindwa. Orodha hiyo ina thamani kuliko silabasi ya kozi yoyote, kwa sababu imetokana na mahitaji yako mwenyewe.

Hatua ya pili: fundisha sikio. Kiswahili kina irabu 5, ilhali Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20, hivyo sikio letu huzikusanya kadhaa katika kapu moja na kuzisikia "ship" na "sheep" kama neno lilelile. Tena, sisi tumezoea mkazo unaokaa silabi ya pili kutoka mwisho, lakini katika Kiingereza mkazo huhama: katika "photograph" uko mwanzoni, katika "photographer" umesogea silabi ya pili, na silabi zisizo na mkazo humezwa. Ndiyo maana mtu anayezijua vizuri "should", "have", "told" na "him" zikiwa zimeandikwa husikia "shudatoldim" na kudhani ni neno jipya. Tafuta sauti fupi yenye maandishi yake. BBC imekuwa ikifundisha Kiingereza kwa redio tangu mwaka 1943, na vipindi vyake vya dakika sita hupatikana bure kwenye intaneti pamoja na maandishi. Kata kipande cha nusu dakika, kisikilize bila kusoma, andika ulichosikia, ndipo ulinganishe. Makosa mengi utayakuta kwenye vijineno kama "of", "to" na "have".

Hatua ya tatu: fuata kama kivuli. Kipande kilekile kirudie kwa sauti ukiwa nyuma ya msemaji kwa neno moja au mawili, ukiiga kupanda na kushuka kwa sauti yake, hata kama maana inakuponyoka kidogo. Hapa Mswahili ana mtaji ambao Mfaransa hana: anayetamka vyema "thelathini" na "dhahabu" tayari anazo sauti za "think" na "this". Kazi kubwa iko kwenye mwisho wa maneno, maana yale mazoea yaliyoifanya "bank" iwe "benki" hutusukuma kuongeza irabu kila neno linapoishia na konsonanti.

Hatua ya nne: ijue mitego itokayo kwenye Kiswahili chenyewe. Hatua hii ndiyo vitabu vingi huiruka, kwa kuwa vimeandikwa kwa ajili ya dunia nzima. Ukiulizwa "Hujala?" unajibu "Ndiyo, sijala", lakini kwa Kiingereza jibu huanza na "No". Mgeni akiuliza "Isn't the gate open?" na mwongoza watalii akajibu "Yes" akimaanisha kwamba ni kweli halijafunguliwa, mgeni atakwishachukua mkoba na kuanza kushuka garini. Kiambishi "-me-" nacho hudanganya: "nimekula" ni "I have eaten", lakini "nimechoka" ni "I am tired" na "nimeelewa" kwa kawaida ni "I understand". "Yeye" haichagui mume wala mke, kwa hiyo "he" na "she" hubadilishana katikati ya habari ya mtu mmoja. Saa kumi na mbili asubuhi ikitajwa kwa mgeni kama "twelve", msafara huharibika. Usiishambulie mitego yote kwa pamoja. Chukua mmoja kwa wiki, uutungie sentensi kumi za mdomo kila siku, mpaka jibu sahihi litangulie fikra.

Hatua ya tano: nne, tatu, mbili. Zoezi hili, ambalo Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji lugha wa New Zealand, amelitetea sana, ni rahisi kulieleza: simulia jambo moja kwa dakika nne, lirudie kwa msikilizaji mwingine kwa dakika tatu, kisha kwa mwingine kwa dakika mbili. Mhudumu wa mapokezi anayeeleza kukosekana kwa maji ya moto huanza hivi: "The machine of heating the water, it is… it has a problem, so we are… we are calling the fundi." Kufikia mara ya tatu, ikiwa kati ya raundi ameonyeshwa kifungu kimoja au viwili, nimesikia: "The water heater's broken. We've called someone, and he should be here in an hour." Muda ukibanwa, nafasi ya kutafsiri kichwani hukosekana. Asiye na wasikilizaji watatu na azungumze na simu yake.

Kuhusu msamiati sina mengi: kariri vifungu vizima, kama "it depends on" au "I was about to", badala ya neno mojamoja kutoka kwenye kamusi.

Ama kuhusu muda, makadirio ya watunga mitihani ya Kiingereza wa Chuo Kikuu cha Cambridge ni saa 500 hadi 600 za masomo yenye mwalimu kufikia B2, ngazi ya nne kati ya sita za mfumo wa Ulaya wa kupima uwezo wa lugha. Aliyemaliza kidato cha nne haanzi sifuri, lakini atakayemwahidi ufasaha ndani ya mwezi mmoja anamuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya sita: tafuta mwenzako mmoja. Anayezungumza kimombo mtaani huambiwa anajidai, na kejeli hiyo imewanyamazisha watu wengi wenye uwezo. Mwenzako asikukatize unapozungumza. Aandike makosa yasiyozidi matatu na kukusomea ukishamaliza. Mkiwa mbali, tumianeni ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, na msiruhusiane kujibu kwa maandishi.