Ukisasisha WeeWX, kagua mistari hii mitatu

Wenye vituo vidogo vya hali ya hewa hapa Nairobi, kabla ya kusasisha WeeWX (programu inayokusanya na kuonyesha data za kituo) izimeni kwanza, kisha mnakili weewx.conf (faili la mipangilio), folda ya skins (muonekano wa ripoti) na hifadhidata weewx.sdb kwenye flashi. Hifadhidata inayonakiliwa huku programu bado inaiandikia inaweza kuharibika.

Baada ya hapo fungua weewx.conf ya zamani na mpya, uzilinganishe. Anza na altitude, yaani mwinuko wa kituo. Ikirudi 0, vituo vingi vitakuonyesha kanieneo ya hewa ya takriban hektopaskali 825, utafikiri kitambuzi kimekufa. Kumbe hakina neno: jiji liko karibu mita 1,795 juu ya bahari, na programu haikuambiwa. Andika 1795, meter, au mwinuko halisi wa mtaa wako, maana Karen na Embakasi si sawa.

Latitude ni -1.29. Hiyo alama ya kutoa ikidondoka, kituo kinahamia kaskazini mwa ikweta, upande wa Maralal, na saa za macheo zinakosea kwa dakika chache tu, kwa hivyo si rahisi kugundua.

La hatari zaidi ni target_unit, yaani mfumo wa vipimo unaotumika ndani ya hifadhidata. Kama ya zamani ilisema US (vipimo vya Kimarekani), iache US hata kama unapenda selsiasi. Vipimo vya kuonyesha hubadilishwa kwingine, kwenye mipangilio ya ripoti. Ukiigusa hapa, rekodi mpya hazitapatana na zile za miaka iliyopita.

Na tafadhali, usiifanye kazi hii Aprili mvua ikinyesha.