Kupima umaskini wa shule za Marekani kwa chakula cha mchana: pale nilipokwama

Mdogo wangu anaandika tasnifu juu ya shule za Marekani. Wiki iliyopita alinionyesha jedwali safi lenye majibu ya ajabu: shule kadhaa zilikuwa zimefukarika kwa mwaka mmoja. Kosa hilo nalijua, lilinila siku mbili.

Hatua ya 1. Pakua data ya kila shule kutoka NCES, kituo cha serikali ya Marekani cha takwimu za elimu, kwa kutumia ELSI, zana yake ya mtandaoni ya kutengeneza majedwali. Chukua idadi ya wanafunzi, wanaostahili chakula cha bure, wanaostahili cha bei nafuu, na waliothibitishwa moja kwa moja bila fomu, kwa kuwa tayari wamo kwenye orodha za misaada.

Hatua ya 2. Ifungue kwa R, programu ya takwimu. Excel, tafadhali, hapana: inakula sifuri ya mwanzo kwenye namba za shule (za California huanza na 06), na baadaye miaka haiunganiki.

Hatua ya 3. Jumlisha bure na nafuu, ugawe kwa wanafunzi wote. Bure ni kwa kaya yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini. Nafuu inafika 185. Kwa hiyo andika "kipato cha chini", usiandike "maskini".

Hatua ya 4. Tafuta shule za CEP, mpango wa kulisha shule nzima bure. Hapa usikimbie. Tangu 2014, nchi nzima, shule yenye watoto wa kutosha walio kwenye orodha za misaada kama SNAP (msaada wa serikali wa kununulia chakula) inaweza kulisha wote bure bila kujaza fomu. Sharti lilikuwa asilimia 40. Mwaka 2023 likashushwa hadi 25. Sasa shule hiyo inaripotiwaje? Kuna wanaoandika watoto wote, kuna wanaoandika waliotambuliwa kwenye orodha hizo tu, na kuna wanaozidisha hao kwa 1.6, kizidisho cha malipo ya CEP. Shule ya watoto 500, waliotambuliwa 200: utakuta asilimia 100, au 40, au 64. Watoto ni wale wale!

Chora mstari wa kila shule mwaka kwa mwaka. Ukiruka ghafla hadi 100, aliyebadilika ni karani, si wazazi. Miaka ya korona iweke kando, maana karibu kila mtoto alikula bure. Majimbo ya California na Maine yanalisha wote tangu 2022, na mzazi hana tena sababu kubwa ya kujaza fomu.

Mimi hutumia safu ya waliothibitishwa moja kwa moja. Nayo ina tundu: wahamiaji wasio na vibali hawapati SNAP, na kaya nyingi zinazostahili bei nafuu hazimo.

Hatua ya 5. Alama ya † si sifuri. Ifanye NA (yaani data haipo) kabla ya kupiga wastani.