Namna ya Kusafisha Tangi la Samaki wa Maonyesho Bila Kuwadhuru Samaki

Anayepewa kazi ya kutunza matangi ya kioo katika maonyesho ya samaki wa ziwani hapa Kisumu huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba wageni wanataka kuona maji maangavu, na hapo ndipo hufanya kosa nililolifanya mimi, yaani kuosha kila kitu. Nilimwaga maji yote, nikasugua changarawe, nikaikamua sifongo ya kichungi bombani mpaka ikawa kama mpya, na jioni nikaenda zangu nikijisifu. Siku ya tatu niliwakuta ngege, yaani perege wa ziwani, wamepanda juu ya maji, vinywa wazi, matamvua yakipwita upesi, na kufikia adhuhuri, samaki saba walikuwa wamekufa.

Kinyesi cha samaki na chakula kilichosalia hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, na wanaoigeuza iwe kitu chenye madhara madogo ni bakteria wanaoishi katika sifongo ile ile tunayoionea kinyaa. Klorini, dawa ya kuua vijidudu iliyomo katika maji ya bomba, huwaua bakteria hao.

Kwa hiyo, kila wiki toa robo tu ya maji, ukitumia mpira ulioufikisha hadi kwenye changarawe ili ufyonze na uchafu uliotuama. Kinga ndoo moja ya maji hayo hayo ya tangi, ikamue sifongo humo mara mbili au tatu, kisha uirudishe ingali na rangi ya kahawia, hata kama msimamizi wako atakunja uso. Maji ya kujazia yawekwe siku moja kabla katika pipa lililo wazi kivulini, pampu ya hewa ikiyatibua usiku kucha ili klorini itoke, na uyamimine polepole baada ya kuhakikisha kwamba joto lake linakaribiana na la tangi. Maji ya ziwa yako karibu na ni ya bure, lakini siyashauri, kwa sababu huleta konokono, vimelea na vipande vya magugu maji.

Ukoga wa kijani ukwangue kwa kadi kuukuu ya plastiki, bila sabuni. Dawa ya kung'arishia vioo usiipulize karibu na tangi. Itie kwenye kitambaa ukiwa nje, kisha ndipo ufute upande wanaosimama wageni.

Kamongo, yaani samaki mwenye mapafu, anahitaji utaratibu wake. Akae peke yake, kwani huwatafuna wenzake, na asipewe tangi lililojaa mpaka ukingoni, kwa kuwa hupumua hewa na akikosa nafasi ya kupandisha kinywa juu ya maji hufa kwa kukosa pumzi humo humo majini. Acha nafasi ya shibiri moja, na juu ya kifuniko weka tofali. Nasema tofali kwa sababu asubuhi moja nilikuta tangi lake tupu na mchirizi wa ute sakafuni, nikaufuata hadi nyuma ya mlango, nikamkuta amejikunja chini ya gunia bichi la kupigia deki, mzima kabisa. Usimshike kwa mikono mitupu, maana taya zake zinaweza kukata kidole. Mviringishie gunia lililolowa, umbebe nalo.

Stima ikipotea, anza na tangi la mbuta, yaani sangara, kwa sababu yeye ndiye asiyevumilia upungufu wa oksijeni, ilhali kamongo anaweza kungoja. Kama hakuna pampu ya betri, chota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina tena kutoka juu, kimo cha mkono, mfululizo, mkipokezana wawili, na msiwape samaki chakula chochote mpaka pampu zirudi kufanya kazi. Kichungi kikiwa kimezimika kwa saa nyingi, mwaga kwanza maji yaliyolala ndani yake kabla ya kukiwasha, la sivyo uozo wote utarudi tangini kwa mkupuo mmoja.