Kabla ya kwenda kwenye magofu ya kando ya reli, Lubumbashi

Kwanza tazama mgongo wa reli. Ukiona unang'aa, ujue magurudumu yanapita, hata kama majani yamefika magotini. Ukiona kutu tupu, bado usitembee katikati ya mataruma na muziki masikioni. Treni zetu hazina saa: kimya siku nyingi, halafu moja inatokea.

Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, na mwaka 1911 tanuru za shaba za Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, zikaanza kuwaka kando ya mto Lubumbashi. Ndiyo maana mto, reli na viwanda vikongwe vimebanana sehemu moja. Ukuta ulioanguka bado una mwenyewe, na mlinzi wake pengine amekaa chini ya mwembe anakuangalia. Omba ruhusa ya maandishi mapema, hasa ukibeba kamera, maana askari hawapendi kuona reli na madaraja vikipigwa picha. Na usiokote hata kipande cha waya. Anayekutwa na shaba mfukoni haulizwi habari za historia.

Kinachopuuzwa kuliko vyote ni vumbi. Moshi wa miaka mingi umeacha madini yenye sumu, yaani risasi, arseniki na kadmiamu, katika udongo, zaidi upande wa kaskazini-magharibi, kwa sababu upepo wa kiangazi hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo simama upande upepo unakotoka, funga barakoa, na usile kitu kabla ya kunawa kwa sabuni. Maji ya mto usiyanywe hata yakionekana safi. Mboga za lengalenga zilizostawi pale ukingoni, waachie wenyewe (mimi sizinunui).

Vaa buti na suruali nene: mavi ya shaba, yale mawe meusi ya lile lundo kubwa la taka za tanuru, yanakata kama chupa, na nyoka hupenda mabati yaliyolala chini. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati. Masika usiende, udongo wa ukingoni humeguka na mashimo hujificha chini ya maji. Nendeni watatu, ili mmoja akivunjika mguu, wa pili abaki naye na wa tatu akaite watu.

Mkirudi, viatu vibaki nje ya mlango, nguo zifuliwe peke yake, na mtoto akikukimbilia, mwambie asubiri uoge.