Somo: Kulipa nusu ya ada ya leseni ya bastola Texas kwa wenye kipato kidogo

Habari za jioni ndugu zangu. Mwezi huu nimejazishwa fomu hii na watu wanne, na watatu kati yao walikuwa tayari kulipa ada nzima ilhali sheria inawapa nusu. Mmoja alikuwa amekwisha kumpa mtu dola 60 "za kumshughulikia", juu ya ada ya serikali. Hilo limeniuma, kwa hiyo leo naandika yote hapa, hatua kwa hatua, kwa wale tunaoishi Texas. Wa majimbo mengine msifuate hesabu hizi, kila jimbo lina sheria yake. Jijini New York, kwa mfano, ombi la leseni ya bastola ni dola 340, na huko hali ni nyingine kabisa.

Kwanza nijibu swali ambalo najua linakuja. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi, asiye na kizuizi cha kisheria, kubeba bastola bila leseni. Sasa leseni ya nini? Mimi bado nawashauri wenye nia ya kubeba waichukue. Sheria ya taifa inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shule, na mwenye leseni ya jimbo amesamehewa katazo hilo. Hebu fikiria unakoishi. Apatimenti zetu nyingi ziko karibu na shule, na unapita hapo kila asubuhi ukiwapeleka watoto. Asiye na leseni anatakiwa awe na silaha isiyo na risasi, imefungiwa ndani ya kasha. Halafu yapo majimbo kadhaa yanayoitambua leseni ya Texas lakini hayatambui kubeba kwako bila leseni. Na dukani, mwenye leseni huinunua silaha bila kusubiri ukaguzi wa simu wa FBI, kwa sababu alishakaguliwa.

Ada ya leseni hii, ambayo wote tunaiita LTC, ni dola 40. Kabla ya Septemba 2017 ilikuwa 140, na ndiyo maana wazee wa zamani hapa bado wanatisha watu. Ndani ya sheria ya jimbo, kifungu cha 411.194 cha sheria za serikali, imeandikwa kwamba idara ya usalama wa umma, yaani DPS, itapunguza ada kwa asilimia 50 kwa mwombaji asiyejiweza. Soma tena: "itapunguza". Haikusema "inaweza kupunguza ikipenda". Ukitimiza sharti, dola 20 ni haki yako, na punguzo hilo linahusu leseni ya kwanza, ya kuhuisha, na hata nakala ukipoteza kadi.

Neno utakalokutana nalo kwenye skrini ni "indigent". Najua linavyokaa vibaya. Ukiliangalia kwenye kamusi utakuta fukara, maskini, na mtu mzima mwenye kazi, anayelipa kodi ya nyumba na kutuma pesa nyumbani, anasita kuliweka alama. Naomba msilione kama tusi. Hapo ni hesabu tu: kipato chako kikiwa si zaidi ya asilimia 100 ya kiwango cha umaskini cha taifa kwa ukubwa wa familia yako, umeingia. Basi.

HATUA YA 1. Hakikisha unaruhusiwa kabla hujatoa hata dola.

Ada hairudishwi ukikataliwa, iwe 40 au 20. Sheria ilivyoandikwa inataka miaka 21 (wanajeshi wana nafuu ya miaka 18), ingawa tangu hukumu ya mahakama ya mwaka 2022 wa miaka 18 hadi 20 nao wanaweza kuomba; na uwe umeishi Texas miezi sita. Usiwe na kesi ya jinai ya daraja kubwa, usiwe chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mtu dhidi yako, wala usiwe na deni la matunzo ya mtoto lililothibitishwa rasmi. Hilo la matunzo limewakwamisha akina baba kadhaa ninaowafahamu.

Kuhusu karatasi za uhamiaji: mwenye grini kadi anaruhusiwa. Aliyeingia kama mkimbizi, au aliyekwisha kupewa hifadhi, naye hayumo kwenye katazo la sheria ya taifa. Lakini mwenye viza ya mwanafunzi au ya matembezi amekatazwa hata kushika silaha, isipokuwa kwa njia chache sana kama leseni ya uwindaji. Kama kesi yako ya hifadhi bado haijaamuliwa, usiguse bastola wala risasi hadi umeonana na mwanasheria wa uhamiaji. Nasema hivi kwa uzito wote. Hukumu ya kosa la silaha inaweza kukuondoa nchini hata ukiwa na grini kadi mfukoni.

HATUA YA 2. Piga hesabu ya kipato.

Viwango vya umaskini hutolewa na wizara ya afya ya taifa kila Januari, kwa hiyo daima tafuteni vya mwaka mnaoomba. Vya 2025 kwa Texas vilikuwa hivi: mtu mmoja dola 15,650, watu wawili 21,150, watatu 26,650, wanne 32,150. Kila mtu anayeongezeka anaongeza 5,500, kwa hiyo watano ni 37,650 na sita ni 43,150.

Sasa tuweke mfano mezani, kwa viwango hivyo vya 2025. Kijana yuko peke yake, analipwa kima cha chini, dola 7.25 kwa saa. Akifanya saa 40 kwa wiki mwaka mzima, ni saa 2,080. Zidisha, unapata 15,080. Yuko chini ya 15,650. Kijana huyo anafanya kazi kila wiki ya mwaka na bado anastahili nusu. Mwingine ana mke na watoto wawili, yeye pekee ndiye anayefanya kazi, kwa dola 15 kwa saa: 31,200. Naye yumo, kikomo chake ni 32,150. Bosi akimwongeza senti 50 tu, anafika 32,240, na hapo amezidi kwa dola 90.

Watu wengi huteleza hapa kwa sababu wanahesabu cheki inayoingia benki. Hesabu kabla ya makato: kabla ya kodi, kabla ya bima. Ovataimu imo. Kazi ya pili ya wikendi imo. Kuendesha teksi za programu kumo, hata kama hukupewa W-2, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wako wa mwaka.

HATUA YA 3. Kusanya uthibitisho kabla ya kufungua ombi.

Hapa ndipo haki inapopotelea. Sheria inataka uthibitisho wa kipato uwasilishwe pamoja na ombi, na haijali kwamba jirani zako wote wanajua hali yako. Niliyemsaidia mwanzo kabisa alikuwa mzee wa kanisani kwetu, ana familia ya watu sita na mshahara mmoja. Tulikaa jikoni kwake saa tatu za usiku, simu moja, taa hafifu, na karatasi zake zote zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda: barua za shule, kadi za chanjo, bili za umeme, W-2 ya miaka miwili iliyopita. Ya mwaka ule haikuwemo. Alichoka, akasema tulipe tu 40 tumalize. Tukalipa. Wiki iliyofuata aliipata W-2 ndani ya Biblia yake.

Karatasi yenye nguvu ni fomu ya kodi ya mwaka uliopita, yote, siyo ukurasa wa kwanza tu. Kama huna nakala, mamlaka ya kodi ya taifa, IRS, hutoa muhtasari wa kodi yako bure mtandaoni au kwa posta. Usimlipe mtu kwa hilo. Ambatanisha na W-2 zako zote. Kama familia inapata stempu za chakula, weka pia barua ya uamuzi yenye jina lako na tarehe ya karibuni. Piga picha mchana, karatasi ikiwa imenyooka mezani, pembe zote nne zionekane.

HATUA YA 4. Darasa na shabaha.

Darasa ni la saa nne hadi sita, na sehemu ya nadharia unaweza kuisoma mtandaoni, kisha unakwenda uwanjani mbele ya mkufunzi. Unapiga risasi 50: ishirini kwa yadi 3, ishirini kwa yadi 7, kumi kwa yadi 15. Ukipata pointi 175 kati ya 250 umefaulu, na mkufunzi anakupa cheti. Punguzo la serikali haligusi bei ya mkufunzi. Kila mmoja anajipangia, kwa hiyo ulizeni watatu au wanne kabla ya kulipa, na ulizeni kama bei inajumuisha risasi na bastola ya kuazima.

HATUA YA 5. Jaza ombi kwenye tovuti ya DPS.

Fungua akaunti wewe mwenyewe, kwa barua pepe yako mwenyewe. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha Texas, hata kama uhamiaji waligeuza jina la baba likawa la mwisho. Ukifika panapouliza aina ya mwombaji, ndipo unapochagua lile neno, "indigent". Usipite haraka. Kabla ya kulipa, angalia kiasi kilichoandikwa: kama bado ni 40, rudi nyuma. Kisha pakia uthibitisho na cheti.

HATUA YA 6. Alama za vidole, halafu subiri.

Alama huchukuliwa kwa miadi na kampuni iliyopewa kazi hiyo, na ada yao ndogo inalipwa kivyake, haina nusu. DPS ina siku 60 tangu ipokee ombi lililokamilika. Angalia barua pepe kila baada ya siku chache, hata kwenye taka, kwa sababu wakikosa karatasi moja watakuandikia. Leseni ya kwanza inaisha siku ya kuzaliwa kwako baada ya kutimia miaka minne. Ya kuhuisha ni miaka mitano, na haikudai darasa tena.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mama wa Abilene: Shikamoo mwalimu. Watoto wangu wawili bado wako kambi ya Nyarugusu, na kila mwezi nawatumia dola 200. Naweza kuwahesabu?

Marahaba mama. Pesa unazotuma hazipunguzi kipato chako hata kidogo, na fomu ya kodi haiwaingizi watoto wanaoishi Tanzania kama wategemezi wako, isipokuwa wawe raia wa Marekani. Karatasi zako zitaonyesha walio nyumbani kwako hapa. Najua hili ni chungu, maana wewe unawalisha. Lakini hesabu kwa walio hapa, maana ndicho utakachoweza kuthibitisha.

Kaka wa Fort Worth: Mke wangu naye anafanya kazi. Nihesabu mshahara wangu tu?

Kama mlijaza kodi pamoja, fomu inaonyesha kipato chenu wote wawili, na ukubwa wa familia unamhesabu yeye pia. Huwezi kumweka mke kwenye idadi ya watu ukamtoa kwenye pesa. Na usijaribu kuandika vinginevyo: kusema uongo kwenye ombi la serikali ni kosa la jinai, na kwa mtu anayengoja uraia, dola 20 si kitu cha kuhatarishia hilo.

Dada wa Houston: Nikiomba punguzo, hawatasema mimi ni mzigo kwa serikali waninyime grini kadi?

Dada, ulikuja kama mkimbizi? Kama ndiyo, sheria imewatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye kipimo hicho cha mzigo. Kama ulikuja kwa njia ya familia au bahati nasibu na bado hujapata kadi, muulize mwanasheria kwanza, maana kesi yako haifanani na ya jirani.

Mzee wa Dallas: Mimi nina miaka 63, kipato changu kimezidi. Ndiyo basi?

Hapana mzee wangu. Kifungu kinachofuata, 411.195, kinampa nusu mtu yeyote wa miaka 60 na zaidi, bila kuuliza kipato. Tarehe yako ya kuzaliwa inatosha. Na vijana waliotumikia jeshi la Marekani waulizie nafuu yao, ipo pia.

Kaka wa Fort Worth tena: Nafanya kazi ya ulinzi usiku. LTC itaniruhusu kulinda nikiwa na bastola?

Hapana. Mlinzi mwenye silaha anahitaji leseni nyingine, chini ya mpango wa ulinzi binafsi wa DPS, yenye mafunzo yake na kampuni ya kukuajiri. Mwajiri akikuambia LTC inatosha, usibebe zamu hiyo.

Mama wa Amarillo: Mume wangu anataka kuinunua, mimi naogopa. Tuna wadogo watatu.

Mama, hofu yako ni ya haki, na sheria iko upande wako. Texas inamshtaki mtu mzima anayeacha silaha yenye risasi bila kuihifadhi, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Kasha la chuma linunuliwe kabla ya bastola. Texas haitozi kodi ya mauzo kwenye makasha na kufuli za silaha, na vituo vingi vya polisi hutoa kufuli ya waya bure kupitia mpango wa Project ChildSafe. Nendeni wawili, ufunguo ukae nawe.

Kaka wa Houston: Mwalimu, mimi ndiye yule wa dola 15 na nusu. Mke na watoto wawili, 32,240. Nimezidi dola 90 kweli. Mtoto wa tatu alizaliwa tarehe 29 Desemba, sikumhesabu kwa sababu mwaka ulikuwa umeisha.

Hongereni sana! Na umekosea kumwacha. Mtoto aliyezaliwa hata siku ya mwisho ya Desemba anahesabiwa kwenye kodi kama ameishi nanyi mwaka mzima. Hakikisha jina lake limo kwenye fomu. Ninyi ni watu watano, na kwa viwango vya 2025 kikomo chenu ni 37,650. Jumamosi njoo na W-2 na namba ya mtoto ya hifadhi ya jamii, tuijaze.