Swichi na kumbukumbu ya mwanga kwa leza ya Fabry-Perot, juu ya meza ya fundi Tanga

Kabla ya kushika leza, pima hewa ya chumba. Maelekezo mengi ya maabara za ughaibuni yanakuambia uiweke leza kwenye nyuzi 20 au 25, basi. Hapa Ngamiani, Tanga, kaskazi ikishakaa, hewa nyuzi 31 na unyevu asilimia 80, kitu chochote ukikipoza chini ya nyuzi 27 kinatoka jasho. Bamba la Peltier, lile la umeme linalopoza leza, litalowa, maji yatateremka mpaka kwenye miguu ya leza, na kazi imekwisha. Mimi naanzia nyuzi 33. Leza itadai mkondo zaidi kidogo ndipo iwake, lakini meza inabaki kavu.

Tunachotaka kufanya ni hiki. Kwenye mitandao tunayoihudumia sisi mafundi wa faiba, mwanga ukifika kwenye swichi hugeuzwa umeme, anwani ikasomwa, kisha umeme ukageuzwa mwanga tena. Kila mgeuzo unakula umeme na kutoa joto. Leza ya semikondakta inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo bila mgeuzo wowote: mwanga mmoja unauzima au kuuwasha mwingine, na leza inakumbuka ilichoambiwa.

Tafuta leza moja ya Fabry-Perot, ile rahisi inayotoa mawimbi mengi kwa pamoja, ya 1550 nm (nanomita, urefu wa wimbi la mwanga), yenye mkia wa faiba na isiyo na isoleta ndani. Hapo usikubali kubembelezwa na muuzaji. Isoleta huzuia mwanga wa nje usiingie kwenye leza, na sisi tunataka uingie. Pamoja nayo, leza mbili za DFB, zinazotoa wimbi moja tu, hizi ziwe na isoleta: moja ya chaneli 34 (mawimbi ya faiba yamepangiwa namba), yaani 1550.12 nm, nyingine ya chaneli 38, yaani 1546.92 nm. Ongeza spilita ya 1:2 ya kuunganisha hizo mbili, atenyueta mbili za kupunguza nguvu ya mwanga, sakyuleta (mwanga ukiingia mlango wa 1 hutokea wa 2, ukiingia wa 2 hutokea wa 3), visahani vitatu vya kuzungushia faiba, maksi ya DWDM inayotenganisha chaneli, na pawa mita ya kupimia nguvu ya mwanga. Mashine ya kuchora spektra ni nzuri ukiipata, ila bei yake inanunua pikipiki kadhaa. Maksi na pawa mita zinatosha. Konekta zote ziwe za kijani. Ya bluu ukiichomeka kwenye ya kijani, mwanga utarudi nyuma na utahangaika siku nzima bila kujua kwa nini. Na usichungulie ncha ya faiba. Mwanga wa 1550 hauonekani, lakini unaumiza.

Washa Fabry-Perot peke yake. Nyingi huanza kuwaka karibu na miliampia 10. Hapo pawa mita inaruka. Panda hadi 13 hivi, usizidi. Ukiutazama mwanga wake kupitia maksi utakuta chaneli nyingi zina kitu, kwa sababu leza hii hutoa mistari mingi kwa pamoja. Kwa kipande chenye urefu wa mikromita 300, mistari hiyo, au modi, hupishana kwa nm 1.1 hivi.

Sasa peleka mwanga wa chaneli 34 kwenye mlango wa 1 wa sakyuleta, Fabry-Perot mlango wa 2, na mlango wa 3 uende kwenye maksi. Wengi hapa wanadhani lazima wanunue leza ya kubadilishwa urefu wa wimbi. Hapana. Badilisha joto la Fabry-Perot: kila nyuzi moja inazisogeza modi karibu nm 0.1. Kwa hiyo ndani ya nyuzi 11, kati ya 28 na 39, lazima modi moja ipite ilipo chaneli 34. Weka pawa mita kwenye chaneli 30, ambako modi nyingine ya leza hiyohiyo huwa inawaka, kisha sogeza joto kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Ghafla chaneli 30 itaanguka, pengine kwa zaidi ya desibeli 20. Isipoanguka, zungusha visahani. Leza hizi hupokea vizuri mwanga unaotikisika upande mmoja tu, na visahani ndivyo vinavyougeuza mtikisiko huo.

Kilichotokea ni kwamba mwanga mgeni umekula elektroni ambazo modi zote zilikuwa zikigawana. Modi iliyo jirani naye imenenepa, nyingine zimelala njaa. Hiyo tayari ni swichi: ukiingiza mwanga kwenye 34, 30 inazimika, ukiutoa, 30 inawaka.

Kumbukumbu inataka subira zaidi, na hapa ndipo pa kukaa. Upoze kidogo Fabry-Perot ili modi yake irudi nyuma na chaneli 34 ibaki upande wa wimbi refu kwa takribani nm 0.1. Anza na mwanga hafifu, −25 dBm kwenye pawa mita (yaani mikrowati 3 hivi), upande nusu desibeli kwa nusu. Andika nguvu ambayo chaneli 30 inazimikia. Sasa shuka polepole. Haitawaka pale pale ilipozimikia. Itangoja mpaka ushuke chini zaidi. Ni kama mlango wa mvule uliovimba kwa masika: kuufunga kunataka kusukuma, na kuufungua kunataka kuvuta. Sababu yenyewe ni kwamba elektroni zikipungua, mwanga ndani ya leza unapita polepole zaidi, modi inasogea kuelekea wimbi refu, na hivyo inamkaribia mgeni na kumng'ang'ania. Ukikosa pengo baina ya namba zako mbili, poza tena kwa nyuzi 0.2 au 0.3 na urudie. Pengo litapanuka, ingawa nguvu ya kufungia nayo itapanda.

Acha atenyueta katikati ya namba hizo mbili. Huo ndio mwanga wa kushikilia. Ukiongeza nguvu kwa muda mfupi na kuirudisha, 30 inazimika na inabaki imezimika: umeandika moja. Kufuta kwa njia rahisi, katisha mwanga wa kushikilia kidogo. Kufuta kwa mwanga mtupu, ingiza pigo fupi la chaneli 38 lenye nguvu kuliko mwanga wa kushikilia. Modi ya upande ule inanyang'anya elektroni, na pigo likiisha, mwanga wa kushikilia peke yake hauwezi kuifunga tena. Hatua hii ndiyo korofi kuliko zote. Endesha leza kwa betri ya sola ya volti 12, maana umeme wa ukutani ukipepesa tu, elektroni zinaisha ndani ya nanosekunde chache na ulichoandika kimekwenda.

Mpwa wangu, ambaye ndiye hunishikia faiba, aliona 30 imelala akaniuliza: "Mjomba, tukiwa nazo elfu kumi na mbili si tunahifadhi pakiti nzima, kifurushi kizima cha data?" Hesabu yake sahihi, pakiti ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Lakini kila leza inakula miliampia 13, jumla ampia 156 kwa pakiti moja. Wako waliozifanya ndogo mno: mwaka 2004 kundi la Martin Hill, Eindhoven, Uholanzi, lilitangaza kwenye jarida la Nature kumbukumbu ya leza mbili za pete zenye kipenyo cha mikromita 16, inayogeuka kwa pikosekunde 20. Hata hivyo, mimi nisingeweka mzigo humo. Leza ikumbuke njia.

Yaani hivi. Pakiti mbili zinataka kutokea mlango mmoja. Ya kwanza ikipita, pigo linaandika moja kwenye leza: njia ina mtu. Ya pili ikifika inakuta hali hiyo na kuelekezwa kwenye bunda la faiba izunguke kwanza. Kwa gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti ya biti 12,000 inachukua mikrosekunde 1.2, na mwanga kwenye faiba hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo urefu wake ni mita 240. Mabaki ya waya wa faiba wa kuingizia nyumbani yanatosha. Kata mita 260, ili leza ipate nanosekunde 100 za kufutwa kabla ya pakiti ya pili kutokeza, na usikunje bunda chini ya upana wa sahani ya wali.