Kabla hujapeleka faili kwa mchapaji

Anza na ukubwa. Fungua kazi kwa kipimo kilekile kitakachochapwa, pikseli 300 kwa inchi. Picha ndogo ukiivuta haiongezeki ubora, inazidi kufifia tu.

Ongeza milimita 3 kila upande na ujaze rangi hadi huko, kwa sababu kisu hakikati palepale kila safari. Maandishi yakae mbali na ukingo.

Skrini hutoa mwanga, mashine hupaka wino wa sayani (samawati), majenta (waridi iliyokolea), njano na mweusi. Ule ukijani unaong'aa kwenye simu haumo ndani ya wino hizo, usiusubiri. Muulize mchapaji profaili anayotumia, yaani faili linaloeleza jinsi mashine na karatasi yake zinavyotoa rangi, ubadilishe rangi za skrini ziwe za wino mwenyewe kwenye nakala, uone kinachopoa mapema.

Sasa weusi, hapa ndipo watu hulia. Mwenzangu alichora kitabu cha watoto akabadilisha kurasa zote ziwe rangi za wino kwa mpigo, maandishi yakiwemo. Kwa profaili iitwayo SWOP kwenye programu ya Photoshop, weusi wa skrini hugeuka sayani asilimia 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90. Kwenye skrini hakuna aliyeona tofauti. Vitabu vilipotoka, kila herufi ndogo ilikuwa na ukungu mwekundu ubavu mmoja na wa samawati ubavu wa pili. Karatasi hupokea wino nne kwa zamu. Ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimita, rangi hazilaliani. Mchapaji alichapa alicholetewa, kwa hiyo gharama ya kurudia ikamwangukia mwenye kitabu.

Basi maandishi meusi yawe nyeusi 100, nyingine sifuri, na yachapwe juu ya rangi ya chini bila kuitoboa. Meupe usiyawekee mpangilio huo, yatatoweka kabisa. Weusi wa kuchanganya uuache kwa maeneo mapana, na jumla ya asilimia za wino zote nne isipite kikomo cha mchapaji, mara nyingi asilimia 300 hivi. Ukizidisha, wino hauwahi kukauka na unachafua mgongo wa karatasi inayolala juu yake.

Fonti zipachikwe ndani ya PDF. Dai nakala ya majaribio, uitazame kwenye mwanga wa mchana, usome hata namba za kurasa. Faili lenye tabaka zake libaki kwako. Na tafadhali, usitume kazi kama picha kwa WhatsApp. Itabanwa hata kabla haijafika.